Sari ya Mkono Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, wakati Bwana Mazoezi akimfundisha Mama kuminya mpira kwa mkono wa kushoto. Mkono haukuminya kitu. Mpira ulianguka ukabingirika hadi chini ya kabati la sari, na hakuna aliyeinama kuuokota.

Bwana Mazoezi ni jina tulilompa sisi huyu mtaalamu wa viungo. Lake halisi ni refu, na Mama hawezi kulitamka tangu kiharusi kimpinde mdomo. Bwana Mazoezi amenishauri niwe naandika jinsi mgonjwa anavyoendelea. Lakini kuandika "leo hakuna mabadiliko" siku baada ya siku kutanitia wazimu, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mama ametoka hospitali wiki iliyopita. Anaongea, ila kila neno linatoka kwa taabu, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Anatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto umelala na haujaamka. Mchana na usiku yuko ndani ya gauni la kulalia, na chumbani hatoki. Huyu ni mwanamke ambaye mimi mwanawe, na umri wangu huu, sijawahi kumwona sebuleni bila sari. Babu zake walipohama Bara Hindi walipoteza mengi, hata lugha yao sisi hatuna tena. Sari haikupotea. Na Mama hakuwa mvaaji tu. Yeye ndiye aliyeitwa kuwavalisha maharusi, wa ukoo na wa jirani. Alikuwa akiyapanga marinda kwa vidole huku anaongea mambo mengine kabisa, hata hatazami, na bibi harusi akisimama hivi anatoka ameshakuwa mtu mwingine.

Leo nimemfunga vifungo vya gauni. Aliangalia dirishani mpaka nikamaliza.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuna mabadiliko. Mvua.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi alikuja. Nilisikia hatua zake kwenye ngazi, nikabandika chai. Ni dada yake marehemu baba, na akimtembelea mgonjwa lazima amhesabie wote waliougua ugonjwa huohuo wakafa. Leo alifika kwa wa tatu ndipo nikaleta chai.

Kabla hajakaa alikuwa ameshakikagua kizibao changu. Ni cha jinzi, mgongoni nimeshonea pindo la sari kuukuu, na chini nilivaa suruali pana na raba. Akaniuliza kama kitambaa kiliisha katikati ya kazi. Mama alicheka, upande mmoja wa mdomo. Yeye mwenyewe huniita Kiraka tangu nianze kuvaa hivi. Nilifurahi acheke, hata kama ni kwa gharama yangu.

Kisha Shangazi akaleta habari yenyewe: binti yake wa mwisho anaolewa Aprili, na anataka wifi yake awepo.

"Nije na hili?" Mama akashika gauni lake kifuani.

Shangazi akasema avae chochote kipana, watu wanaelewa, mgonjwa ni mgonjwa. Mama akageukia ukutani. Shangazi alipokuwa anashuka ngazi nilitamani ateleze kidogo, asiumie, ateleze tu.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimejaribu kumvalisha Mama sari.

Mimi ni mkata nguo. Nguo zangu zimevaliwa na watu ambao majina yao sitayajua. Lakini kufunga sari sijui. Nilipokuwa msichana nilikataa kujifunza, na Mama hakunilazimisha. Alikuwa na hakika muda upo.

Alisimama ameshika kitanda kwa mkono wake mzima, mimi nikawa nazunguka naye na kile kitambaa kirefu kama mtu anayefunga mzigo. Akaniambia niyakunje marinda kuanzia kulia. Nikayakunja, yakafumuka. Akaniambia nibane kwa kidole gumba. Nikabana, yakakaa mapana kwa membamba. Alisogeza mkono wake mzima kunisaidia, akayumba, nikaacha kila kitu kumdaka, na sari yote ikaanguka miguuni mwetu.

Tulijaribu tena. Mara ya tatu ilisimama, kwa namna yake. Nikamleta mbele ya kioo. Alijitazama kwa muda mrefu.

"Vua."

Nikamwambia nitajifunza, anipe siku chache tu.

"Vua," akasema. "Hata ukijifunza. Mimi nilivalisha watu. Sitasimama kama mlingoti nivalishwe."

Jumapili, 17 Machi

Hakutaka kula. Mimi pia.

Jumatano, 20 Machi

Kazini hakuna anayejua hali ya nyumbani isipokuwa Madam, na anajua nusu. Karakana yake iko ghorofa ya juu ya jengo lenye duka la rangi, na msimu huu mvua imepata njia kwenye kona ya dari, kwa hiyo meza ya kukatia imesogezwa karibu na pasi. Madam ana maonyesho ya mavazi mwezi wa tano. Ananunua sari kuukuu kutoka kwa akina mama, sisi tunazigeuza koti, suruali za kiuno cha juu, mashati ya kiume yenye ukosi wa zari, ule ufumaji wa uzi wa dhahabu. Ndicho kilichonipeleka kwake. Nilipomwona mara ya kwanza amevaa koti la suti juu ya sari, mikono ameikunja, na viatu vya kazi, nilisema huyu ndiye mtu wa kufanya naye kazi. Alivaa ya kwao na ya leo kwa pamoja, bila kumwomba mtu radhi.

Leo nilikuwa nakata sari ya rangi ya zambarau. Ilikuja na alama za pini begani, matundu madogo mahali palepale, ya mtu aliyeibana kila siku sehemu ileile. Mkasi ukaniganda mkononi. Madam akauliza kuna nini. Nikasema mkasi umekuwa butu.

Lakini nikiwa nimesimama pale lilinijia jambo. Kama marinda yameshonwa tayari, yakatiwa mkanda wa lastiki, na zipu ikakaa upande wa mkono wake mzima, Mama angeivaa peke yake. Haitakuwa kuvalishwa.

Jumapili, 24 Machi

Nilimwambia Mama, nikamchorea. Alisikiliza amefumba macho. Nikadhani amelala.

"Chukua ya kijani," akasema.

Ya kijani ni ya hariri, pindo lake la zari limefifia kidogo. Nikamuuliza kama ana hakika, kwa maana nitaikata, na ikishakatwa imekatwa. Akasema anajua mkasi unafanya nini.

Ijumaa, 29 Machi

Nimekata.

Jumanne, 2 Aprili

Kabla ya kuunga vipande vya ile ya kijani, nashona ya majaribio kwa pamba ya bei rahisi, kazini, wenzangu wakishaondoka. Zipu ya kawaida haifai, mkono mmoja hauwezi kuvuta na kushikilia kwa wakati mmoja. Nimeitia pete ya kuingiza kidole. Ncha inayoangukia begani inashikwa na sumaku mbili ndogo ndani ya blauzi. Nimejifunga mkono wangu wa kushoto mgongoni kwa utepe wa kupimia nikajaribu. Mfagizi alinikuta hivyo. Aliomba samahani akarudi alikotoka.

Mvua haijakata tangu juzi. Nguo zote nyumbani zinanuka unyevu.

Jumamosi, 6 Aprili

Imekwisha. Nimeitundika kwenye mlango wa kabati lake. Mama ameipapasa, akayagusa marinda moja moja, akaifunua ndani akaiona zipu.

"Hii ni sketi," akasema.

Niliingia jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Bwana Mazoezi anasema vidole vya kushoto vilitikisika. Mimi sikuona.

Jumapili, 14 Aprili

Sijui niandikeje. Nilikuwa jikoni. Nikasikia fimbo kwenye korido, nikajua anakwenda chooni. Kisha nikasikia kiti cha sebuleni, kile kinacholia.

Alikuwa amekaa dirishani, amevaa ile ya kijani. Blauzi, marinda, ncha begani, kila kitu mahali pake. Nywele alikuwa amezichana upande mmoja tu, ule anaoufikia. Alikuwa anatazama mvua barabarani kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka hapo.

Nilisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Bila kugeuka akasema zipu iko chini mno, inayofuata niipandishe. Halafu akasema, "Mwambie Shangazi yako nitakuja."

Nimempigia simu Shangazi. Alikata simu. Baada ya muda akapiga tena sauti imejaa makamasi ya kulia, akauliza Mama angependa kukaa meza gani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nataka kuandika yote mara moja nisije nikayarudia.

Tulifika ukumbini mapema ili asipande ngazi mbele za watu. Alikuwa amevaa ya kijani, mimi nilivaa suti nyeusi yenye pindo lililobaki la sari yake kwenye ukosi. Ukumbini wanawake walimjia mmoja mmoja. Wengine aliwavalisha siku za harusi zao. Walimshika mkono ule mzima, wakamwambia amependeza, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba ni ya zipu. Nilimwona anavyonyoosha shingo. Aliitwa hata kwenye chumba cha bibi harusi, aseme tu kama ncha imekaa sawa. Akaingia, akatazama, akaamuru ipandishwe kidole kimoja. Wasichana wakatii. Alipotoka uso wake ulikuwa uso wa zamani, kasoro ule upande mmoja.

Sherehe ilipopamba moto akaniambia anakwenda msalani. Nikasimama nimpeleke. Akasema, "Kaa. Naweza." Kulikuwa na mama mmoja ameshika ukosi wa koti langu, anauliza nani kanishonea. Nikakaa. Nilikuwa nimejivuna. Nilikuwa namweleza habari za zipu, za pete na sumaku. Ndiyo, namweleza mtu nisiyemjua siri ya mama yangu, kwa sababu alisifu ukosi.

Ukapita muda. Nikaenda.

Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikaita. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba haifunguki. Bitana ya hariri ilikuwa imeingia kwenye meno ya zipu. Nilikuwa nimejaribu kuvaa kwa mkono mmoja, mara nyingi. Nilikuwa nimejaribu kuvua pia, polepole, nimetulia, kwenye karakana. Sikujaribu kuvua kama mtu anayeharakisha, mtu ambaye mguu wake mmoja hauna nguvu na mwili wake haumsubiri.

Nilimwomba afungue komeo. Akasema nisubiri. Nikamsikia anavuta. Anavuta, anapumzika, anavuta. Nyuma yangu walikuja wasichana wawili wanacheka, wakasimama foleni. Nikawaambia choo kimeharibika. Mmoja akasema mbona kuna mtu.

Kisha Mama akaacha kuvuta. Nikasikia maji, na hayakuwa ya bomba.

Alifungua mwenyewe, baadaye. Amesimama wima, ameegemea ukuta. Hariri ikilowa inakuwa nyeusi. Ya kijani ilikuwa nyeusi kuanzia kiunoni hadi chini. Wale wasichana waliona. Hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mimi nilisimama tu. Niseme ukweli, sikuweza hata kunyoosha mkono.

Aliyekuja ni Shangazi. Sijui nani alimwita. Aliwatoa wasichana kwa kuwatazama tu. Akauvua mtandio wake mkubwa, ule alioununulia harusi ya bintiye, akamzungusha Mama kuanzia kifuani mpaka miguuni, akambana na pini yake mwenyewe. Hakusema pole. Hakutaja mgonjwa mwingine yeyote. Alisema, "Wifi, tupitie mlango wa jikoni, kule hakuna watu." Akamshika kiuno, wakatoka. Shangazi, mama wa bibi harusi, amepita katikati ya masufuria na wapishi, kichwa wazi, huku ukumbini wanamtafuta.

Tulipanda gari la kukodi. Tulipofika chini ya nyumba yetu mvua ilikuwa kubwa, dereva akasema tusubiri ipungue. Mama akafungua mlango akashuka. Alitaka imnyeshee. Nilielewa.

Jumapili, 21 Aprili

Amelala. Nimeikata ile zipu kwa mkasi na kuitupa.

Jumamosi, 27 Aprili

Hajatoka kitandani juma zima, isipokuwa kwenda chooni. Gauni la kulalia. Bwana Mazoezi alikuja mara mbili, akaambiwa arudi. Shangazi anakuja kila siku. Anamchana nywele, pande zote mbili. Nilimshukuru leo kwenye ngazi. Akasema nisimshukuru, ila nile, mashavu yameingia.

Sasa la pili. Ile sari ya majaribio, ya pamba, ilibaki kwenye sanamu la kuvalishia nguo pale karakana. Madam aliiona. Aliizunguka, akavuta pete, akafungua na kufunga. Akaniuliza kwa nini nilificha kitu kama hiki. Nikamweleza kilichotokea harusini, chote. Machozi yalimlenga, ya kweli, sitamsingizia. Alinikumbatia. Halafu, bado mkono uko begani kwangu, akasema kasoro ni ya bitana tu, tukiitoa bitana vazi hili litafunga maonyesho yake.

Ningeweza kukataa. Nilisema, "Chukua." Niliona kama nguo hiyo ishatufanyia ubaya wote iliokuwa nao, basi iende.

Jumapili, 5 Mei

Hakuna mabadiliko. Mvua imepungua, joto limeanza kuingia kwenye kuta.

Jumamosi, 11 Mei

Maonyesho. Ukumbi ulijaa. Vazi la mwisho lilikuwa sari ya zipu, hariri ya rangi ya shaba, imevaliwa juu ya fulana nyeupe na koti fupi la jinzi, chini raba. Mwanamitindo alifika katikati, akavuta pete kwa kidole kimoja, sari ikamwachia, akabaki na suruali iliyokuwa chini yake, akaitupia ile sari begani akaondoka. Watu walisimama kupiga makofi. Madam alinivuta jukwaani, akasema mbele ya wote kwamba wazo ni langu, na kwamba lilitokana na mapenzi ya mama. Sikujua niiweke wapi mikono.

Jumapili, 12 Mei

Mama aliuliza jana nilikwenda wapi nimevaa viatu vile. Nikadhani pengine, akiona watu walivyosimama kuipigia makofi, itamwondolea aibu. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

Aliikuza picha kwa kidole. Akatazama zipu, akatazama pete. Akasema wameipandisha, kama alivyosema yeye. Nikasema ndiyo. Akaendelea kutazama.

"Huyu binti," akasema, "ana mikono miwili."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Sasa hii anaivalia nini?"

Nina maneno mengi ya kazi yangu, ya mtindo, ya asili, ya vijana wanaoipenda sari ila hawana muda wa kuifunga, na mimi ni mmojawao. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa. Akanirudishia simu kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe.

Jumanne, 14 Mei

Nimemwambia Madam siji wiki hii. Amenitumia picha za magazeti. Sijazifungua.

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi Mama aliniita akasema nimpe suruali yangu, ile ya lastiki ninayolalia, na fulana. Nikauliza za nini. Akasema za kuvaa.

Maisha yangu yote amenitania kwa suruali. Nilimletea ya kijivu, kuukuu, magoti yametepeta. Aliingiza mguu mmoja, akakaa, akaingiza wa pili, akaipandisha kwa mkono wake mmoja bila shida yoyote. Ni nguo niliyonunua sokoni bila hata kuitazama. Fulana ilichukua muda, lakini iliingia. Juu yake akavaa sweta la marehemu baba.

Sikumpeleka kwenye kioo na hakuuliza kiko wapi.

Jumapili, 26 Mei

Leo hakuna mvua. Jana pia haikunyesha.

Mama alisema twende nje. Nimeomba neno hilo tangu Machi, na nilipolisikia sikufurahi. Tulishuka ngazi taratibu. Alivaa ile suruali ya kijivu, sweta la baba, raba zangu, na kitambaa cheusi kichwani amekishusha mpaka kwenye nyusi. Ukimwona kwa mbali ni mzee yeyote, hata mwanamume.

Barabara bado ina madimbwi. Tulitembea hadi kwenye duka la dawa, tukapumzika ukutani. Akaja mwanamke mmoja na watoto wake, yule wa nyumba ya kona. Mama alimvalisha siku yake ya harusi. Nilikuwepo, nilishika boksi la pini. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza Mama anaendeleaje, wamesikia ya harusini, wanamwombea. Mama alikuwa amesimama ubavuni kwangu, hata hatua moja haifiki. Macho ya yule mwanamke yalimpitia kama wanavyopitiwa watu wanaosubiri dawa.

Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

Nikasema, "Anaendelea vizuri. Nitamfikishia salamu."

Alipoondoka nilimwambia Mama kwamba yule alikuwa na haraka, watoto walikuwa wanamvuta.

"Usinidanganye," akasema. "Hakunitambua. Ndivyo ninavyotaka."

Akaishika fimbo yake. Nikamuuliza kama turudi nyumbani. Akasema hapana, twende mbele kidogo, kule kwenye watu wengi.